Guto na Fungu la Kasisi

Jumatatu, 28 Aprili 1783
Sijamwambia mtu: kanisani huwa namwombea kondoo. Guto, yatima, niliyemlea jikoni kwa maziwa ya ng'ombe. Alhamisi kasisi anakuja kuchukua zaka. Wanakondoo watapita pengo la ukuta wa zizi mmoja mmoja. Kila wa kumi anapakwa rangi nyekundu, anakuwa wa kasisi, halafu wa mchinjaji. Guto hatakuwa wa kumi. Nina mpango.

Jumanne, 29 Aprili
Mpango umekufa. Baba amemkuta Guto kitandani mwangu, kavaa kofia yangu ya kulalia. Akauliza kama Mungu naye ni wa kudanganywa kwa kofia. Binamu yangu Lowri alicheka mpaka akakaa chini. Anasema Guto atanoga akipikwa kwa mnanaa.

Jumatano, 30 Aprili
Mpango mpya, mzuri ajabu. Guto hunifuata popote. Nitasimama nje ya pengo na bakuli la maziwa, atoke wa kwanza. Wa kwanza hachukuliwi. Tumefanya mazoezi kutwa. Hakosei.

Alhamisi, 1 Mei
Nilisimama pale, bakuli mkononi. Kasisi Pugh akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza nimekula nini hata nikarefuka hivi. Kiingereza chote cha shule kikanikimbia. Kiwelisi, lugha yetu ya nyumbani, nacho kikafuata. Nikajificha nyuma ya ukuta. Guto hakuniona, akagoma kutoka. Wenzake wakapita, Lowri anahesabu kwa raha zake. Mwishowe nikajikaza, nikachungulia, nikamwita. Akatoka mbio. Lowri akamwambia kasisi: huyo hapo wa kumi, kajileta mwenyewe.
Nimelia kwa lugha zote mbili.

Jumamosi, 3 Mei
Mtumishi wa kasisi amekuja, macho mekundu. Guto analia usiku kucha tangu afike, chini ya dirisha la mke wa kasisi. Mchinjaji hamtaki, bado mdogo. Kasisi anamsihi Baba ampokee tena huyo mwimbaji, na badala yake alete bata bukini mnono Septemba. Baba akakubali. Guto yuko jikoni, anatafuna aproni yangu.

Jumapili, 11 Mei
Baba amesema bata wa kasisi nimnenepeshe mimi, maana balaa nimelileta mimi. Nimechagua kifaranga mnono kuliko wote. Ameonya nisimzoee. Simzoei. Anaitwa Mabli, alinifuata hadi kanisani, na hulala ndani ya mkono wa gauni langu. Nimeshapata mpango wa kumwokoa, na huu hauwezi kushindwa. Asubuhi ile ya Septemba nita—
Baba anapanda ngazi. Mabli, ikalie karatasi hii, mwanangu, na usiseme kitu.