Ukoo wa Kalamu na Penseli

Jumatatu, 4 Mei

Mwalimu wa mazoezi ametupa habari. Ijumaa mkufunzi wake anakuja kutoka chuoni kumpima akifundisha. Mwaka jana alipimwa akaanguka. Akianguka tena, ualimu basi. Alisema huku anacheka, lakini chaki ilimkatikia mkononi mara mbili.

Somo lenyewe: maneno ya Kiingereza yanayofanana sura. Yapi ni ndugu wa damu, na yapi yamefanana tu kama watu wawili kwenye foleni? Akaomba wasaidizi wa kutafuta asili zake. Msichana tunayemwita Kamusi akanyoosha mkono. Anaitwa hivyo kwa sababu anajua kila kitu. Mimi naitwa Kobe. Sababu sitaiandika. Ghafla na mkono wangu ukapanda, bila ruhusa yangu!

Kamusi kapewa isle na island, yote mawili maana yake kisiwa. Mimi pen na pencil. Majibu Jumatano.

Nia yangu: ikifika Ijumaa, jina la Kamusi liwe langu.

Jumanne, 5 Mei

Maktaba ina kitabu kimoja tu cha asili za maneno. Kinene kama tofali. Kamusi alikuwa amekikalia tangu mwanzo wa mapumziko. Nilihitaji maneno matano: naomba ukimaliza unipe na mimi. Nikayafanyia mazoezi nyuma ya rafu ya atlasi. Mkutubi akaniuliza kama nimepotea. Nikasema nasoma ramani. Akasema basi niigeuze, maana bahari iko juu ya dunia.

Kengele ilipolia Kamusi akanifuata mwenyewe. Akauliza, Kobe, hukihitaji hiki? Nikasema sikihitaji, nyumbani ninacho kikubwa zaidi.

Nyumbani tuna vitabu viwili. Kimoja cha nyimbo, kingine cha maelekezo ya cherehani ya dada.

Jumatano, 6 Mei

Sikuwa na kitabu, lakini nilikuwa na kichwa. Nimeandika kwamba pen ni baba na pencil ni mwanawe wa kumzaa. Nikaona pakavu mno. Nikaongeza karani mmoja wa zamani aliyevunja kalamu yake, akakiita kipande kilichobaki "kalamu mtoto". Nikampa karani kikohozi ili aaminike. Chini nikaandika: tazama ukurasa wa 614. Kitabu chenye heshima hakikosi ukurasa wa 614.

Mwalimu alisoma amesimama mlangoni. Akaniambia, "Mdogo wangu, umeniokoa." Hakuna aliyewahi kuniambia nimemwokoa. Ndipo nilipotakiwa kusema kwamba nimeyatunga. Nikasema karibu.

Alhamisi, 7 Mei

Kamusi alikuwa michezoni. Kitabu kilikuwa peke yake. Heri nisingekifungua! Pen asili yake ni unyoya. Pencil asili yake ni mkia mdogo, kwa kuwa mwanzoni lilikuwa jina la brashi ya wachoraji. Hawana undugu hata wa mbali. Ni wapangaji tu wa mkoba mmoja.

Nikaenda ofisi ya walimu kuungama. Mwalimu hakuwepo. Mezani pake kulikuwa na karatasi ya manila: mti wa ukoo, rangi tatu. Juu kalamu ina masharubu. Chini penseli imevaa kikofia. Kikofia kile kimenichoma moyo. Inaonekana alikichora taratibu.

Nikabuni njia. Kikaratasi: "Penseli ni mkia mdogo. Nisamehe. Usimwambie mtu." Nikakichomeka kwenye faili la kijani lililokuwa hapo, maana andalio la somo lake huliweka kwenye faili la kijani. Nikatoka mbio kama niliyeiba.

Dada kaniuliza mbona sili. Nikasema nafikiri. Akasema nifikiri huku natafuna, vyote vinatumia kichwa kilekile.

Ijumaa, 8 Mei

Walimu wote wana mafaili ya kijani!

Mstarini mwalimu wa zamu akainua kikaratasi changu, alichokikuta kwenye faili lake. Akakisoma kwa sauti ya kutangaza msiba. Kisha akamtaka mwenye mkia mdogo ajitokeze mbele kwa hiari yake. Shule nzima ililia kwa kucheka. Mwalimu wa mazoezi naye alicheka mpaka akajifuta macho. Kwa kweli nilifurahi kumwona anacheka siku ile. Hakujua barua ni yake.

Kipindi cha tatu. Mkufunzi, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, akakaa kwenye dawati langu kwa kuwa nafasi ilikuwa hapo tu. Isle na island zikaenda vizuri: hawana undugu, moja limeiga tu herufi ya mwenzake. Mkufunzi akatia tiki. Nikaiona tiki hiyo kwa macho yangu. Kisha manila ikafunuliwa. Darasa likapenda kikofia. Mkufunzi akauliza, haya yametoka wapi? Mwalimu akajibu bila wasiwasi kwamba yako ukurasa wa 614.

Mkufunzi akataka kitabu kiletwe. Kamusi alikwenda akarudi. Ukurasa wa 614 unahusu sabuni.

Mwalimu akanitazama. Angekasirika ningepumua. Alinitazama kama mtu aliyekanyaga ngazi asiikute. Mkufunzi akauliza ni mwanafunzi gani aliyeleta habari hizi. Bega lake liligusana na langu! Nikainama chini ya dawati kutafuta kitu. Nikamsikia mwalimu anasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyepaswa kuhakiki.

Nilikaa chini ya dawati muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kutafuta kitu.

Jumatatu, 11 Mei

Hajafukuzwa. Mkufunzi atarudi Alhamisi, na hiyo ndiyo nafasi ya mwisho. Mwalimu anafundisha kwa sauti ndogo. Manila ameikunja, iko nyuma ya kabati.

Tukakutana kwenye korido. Nikamwamkia. Akaitikia, akasema polepole, "Mdogo wangu, ungeniambia tu sijapata. Nisingekula nyama yako." Nilikuwa na hotuba ya kurasa mbili mfukoni. Nikafungua mdomo. Nikamwamkia tena.

Akaitikia tena. Huo ndio wema unaoniua.

Jumatano, 13 Mei

Siku njema mpaka saa nane!

Kamusi kanifuata maktaba, kavuta kiti, kaweka kitabu katikati yetu. Akasema tufanye pamoja, na kwamba angekuwa mimi angekuwa amekufa Ijumaa ileile. Akasema mwalimu anahitaji maneno mawili tu ya kesho, ya kweli. Tukachagua sorry na sorrow. Mimi niliapa ni ndugu. Si ndugu! Sorrow ni huzuni tangu asili. Sorry ukoo wake ni sore, jeraha. Wamekaa jirani miaka mingi mpaka watu wakadhani ni mtu na dada yake. Nilisoma sentensi hiyo mara nne. Mimi nilidhani nina huzuni, kumbe nina jeraha. Nikaahidi moyoni: kuanzia leo, nisichokijua nitasema sikijui.

Kamusi akaandika yote kwa wino, mwandiko wa kuning'iniza ukutani. Akafunga kitabu. Akanisifu, akasema kumbe Kobe una akili ukitoa kichwa nje. Masikio yakapata moto. Kisha akauliza, hivi kati ya haya mawili lipi lilianza kutumika? Nikamjibu papo hapo: sorry, kwa miaka mia mbili na kumi.

Sijui nilikoitoa hiyo kumi.

Akaiandika. Akakimbilia ofisi ya walimu ampe mwalimu kabla hajaondoka. Nilisimama dirishani nikamwona anakata uwanja. Ningeweza kumwita. Nilikuwa na nia kabisa ya kumwita. Lakini yule msichana anakimbia mno, na kwa hilo sioni vipi mtu atanilaumu mimi.