Taa Nne na Shemegi Niliyemwapisha

Leo nimejiaibisha mbele ya ukoo mzima wa mume wangu, tena kwa mdomo wangu mwenyewe.

Msimu wa baridi huku Maskati watu wanatoka na magari kwenda kushindana mchangani, na jua linawahi kuzama, kwa hivyo gari isiyo na taa za ziada haiendi popote. Mwaka huu nikasema nnataka kuendesha mimi. Shemegi yangu Khalfan akacheka. "Ukishika usukani wewe, mtoto atashikwa na nani?"

"Na wewe. Si ami yake?"

Mume wangu akakata shauri: nikizifunga taa mwenyewe na zikawaka leo baada ya magharibi, usukani wangu. Zisipowaka, wa Khalfan.

Basi asubuhi nikamlaza mtoto, nikaingia chini ya gari. (Nimejifunza kwenye video. Kucha zote kwisha.) Nikatoboa bampa, nikafunga taa nne, nikapitisha waya mpaka kwenye betri, nikaweka swichi karibu na usukani. Nikajaribu. Zikawaka, safi kabisa. Nikazima, nikazifuta, nikazirudishia vifuniko vyake vyeusi vya plastiki, maana upepo ulikuwa unaleta vumbi, na mimi na vumbi hatupatani. (Kwangu hata rimoti ya tivii imo ndani ya nailoni.)

Baada ya magharibi wakatoka wote nje, nyumbani kwa wakwe, mtaa wa Sib. Mamkwe na chupa yake ya kahawa. Nikapanda, nikabonyeza swichi. Kiza. Nikabonyeza na kubonyeza. Nikaiacha imewashwa, kiza vilevile.

Khalfan akasema taratibu, "Haya, nipe ufunguo, shemegi."

Hapo nikapandwa na hasira. Nikashuka, nikamwambia mbele za watu kwamba waya kaukata yeye, kwamba mchana nilimuona anaizungukazunguka gari, kwamba ana choyo na mimi tangu siku niliyoolewa. "Kama hukukata, apa. Apa mbele ya mama yako."

Masikini akasimama mbele ya bampa, mkono kifuani. "Wallahi sikugusa kitu."

"Muongo."

Mamkwe akaweka kikombe chini, akajivuta mpaka kwenye gari, akainama. Yeye anavaa barakoa usoni, ile nyeusi ya wanawake wa huku, tangu usichana wake. Akaigonga taa kwa ukucha.

"Mwanangu, hizi taa mbona umezivisha barakoa?"

Akavua moja. Mwanga ukampiga Khalfan machoni, mdomo bado wazi kwa kiapo. Watu walicheka mpaka jirani akafungua dirisha.

Nikamuomba radhi. Akanijibu huku anafikicha macho, "Nimekusamehe. Nikianza kuona tena, ntakusamehe vizuri zaidi."

Usukani nimepewa, ahadi ni ahadi. Mtoto atabaki na mamkwe. Ila mamkwe kaamua Khalfan akae kiti cha pembeni njia nzima, "awe anazivua taa barakoa." Mchanga wote ule, mimi na mtu niliyemwita muongo, bega kwa bega.

Tafadhali msinicheke. Na rimoti siitoi kwenye nailoni.