Kongo Inaongoza na Tano

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba
Leo mama Germaine, muchunguzi wa universite, amefika kwetu kwenye kiwanda ya sabuni. Anapima namna bapatron na bafanyakazi banasikilizana katika inchi tatu: Kongo, Zambia, Ubelgiji. Kila muntu atajaza karatasi, bila jina. Moja ni huzuni. Tano ni kuridhika kabisa.

Inchi tatu! Nikaelewa mara moja: iko mashindano. Zambia itushinde, na mimi niliyelala kwao Ndola mara mbili? Hapana.

Nilisimama kando ya pipa ya sabuni. Mvuke ikapanda taratibu, ikawa ndege. Mimi ndani, karibu na dirisha, naenda Brussels kupokea kombe.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba
Nimezunguka kwa bantu wote arobaini, nikaomba tano kila mahali. Bamecheka, bamekubali. Clément peke yake amekataa, yule mujumbe wa sendika, chama ya bafanyakazi. Eti ataandika mbili, sababu soda ya kupikia sabuni inamuchoma mikono kila siku. Wivu tu! Mimi nimeandika tano, tena jina kamili na namba ya simu. Brussels batanipata namna gani? Mama Germaine amefuta jina. Anaogopa umaarufu wangu.

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba
Kongo ya kwanza! Patron Pierre amesoma matokeo mbele yetu, nikapiga ndoo kama ngoma. Kisha, kwa upole, akauliza: kama bantu wake bameridhika kupita Babelgiji, mufuko ya unga anayotupa kila mwezi iko ya nini? Ameikata.

Nikaweka ndoo chini.

Nyumbani, Hortense bibi yangu, mama ya batoto yangu, ameuliza unga ya bukari, ile ugali yetu, iko wapi. Nikamujibu tumeshinda. Akauliza kama kombe inapikwa bukari.

Jumatano, tarehe 12 Novemba
Siku kumi na mbili hakuna anayenisalimia. Clément amemuita mama Germaine. Huyo mama amerudi na karatasi mpya, akaeleza kwamba haikuwa mashindano hata kidogo. Clément akaweka mukono yake yenye vidonda kwenye bega langu.

"Yaya Doudou, kaka yangu, andika kweli. Batoto banakula nini?"

Roho iliniuma. Kalamu ilishaanza kushuka kwenye moja. Lakini nikauliza, Zambia bako na ngapi? Nne na nusu, mama akajibu.

Mvuke ikapanda...

Tano.

Ijumaa, tarehe 28 Novemba
Unga imerudi! Patron amesoma karatasi mpya, akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeingia ofisini mwake mapema, nimuambie kwamba mimi peke yangu sikushusha bendera. Alinishukuru sana. Tuko bantu arobaini; mifuko imekuja thelathini na tisa.

Clément amenimiminia nusu ya yake kwenye beseni, akiniita mujinga polepole, kama anabembeleza mutoto.

Hortense anasonga bukari. Mvuke inapanda kwenye sufuria, na ndege yangu iko mule ndani. Mama Germaine amesema mwaka kesho atapima inchi kumi na mbili. Kumi na mbili! Tano haitatosha.

Nitaandika sita.