Dereva wa Makete na Gari la Gia Sita

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Nimeliona gari la maisha yangu! Subaru ya bluu. Milango minne, gia sita za mkono, klachi halisi, mabomba ya moshi mawili kila upande. Limesimama uani kwa Somoe, dalali wa magari pale Chikongola, katikati ya Noah mbili zilizochoka. Ni jipya kabisa. Viti bado vina nailoni. Aliliagiza fundi mmoja wa mtambo wa gesi wa Madimba, anaitwa Amani, likafika wiki ileile aliyohamishiwa Dodoma. Mkewe akamwambia achague, yeye au gari. Amani akachagua mke. Namheshimu, ila simwelewi.

Somoe anasema limekaa miezi miwili bila mteja, Mtwara nzima inataka otomatiki. Kwa hiyo bei imeshuka hadi inafikiwa na akiba yangu na ya Rozalia. Nililipiga picha kumi na moja.

Nimerudi kazini naelea. (Ofisi yetu inatoa mizigo ya watu bandarini. Mimi ni karani.) Arsenio, karani mwenzangu, ambaye meza yake inatazamana na yangu, alikuwa anasifia otomatiki yake kwa mara ya mia. Eti gari lenyewe linajua lini libadilishe gia. Nikashindwa kuvumilia. Nikasema otomatiki ni mashine ya kufulia iliyofungwa matairi. Nikasema sisi watu wa milima ya Makete tunajua klachi kabla ya kujua kutembea. Nikawapitishia zile picha. Ofisi nzima ikacheka, Arsenio akainamia makaratasi yake. Siku nzuri sana.

Kuna jambo moja dogo. Sijui kuendesha gari la klachi. Mara ya mwisho ilikuwa siku ya mtihani wa leseni, miaka kumi na minne iliyopita, na aliyekuwa anaikanyaga klachi ni mwalimu, kwa upande wake.

Jumanne, 8 Oktoba

Rozalia amekubali! Nilikuwa nimeandaa sababu saba. Nilipofika ya pili akasema sawa, nunua, ila kwa sharti moja: Jumapili nimpeleke kanisani na gari hilo, nishuke, nizunguke, nimfungulie mlango mbele ya kwaya nzima. Miaka yote anakwenda kwa bajaji, na gauni lake limeshanasa mara mbili. Anasema anataka siku moja ashuke kama mtu. Macho yake yalikuwa yanacheka aliposema hivyo. Nimemwahidi. Ningemwahidi hata ndege.

Mchana Somoe akapiga simu. Balaa! Amani wa Dodoma anasema hamuuzii mtu atakayeiua klachi yake. Anataka jaribio. Jumamosi saa nne asubuhi, barabara ya uwanja wa ndege, yeye atasikiliza mlio kwa simu. Na kuna mteja wa pili. Somoe hakumtaja. Lakini nilipoinua macho, Arsenio alikuwa anakuza picha ya gari la bluu kwenye simu yake. Nilimtumia mwenyewe jana, ili aumie.

Nyoka huyu! Tangu lini anapenda klachi?

Siwezi kumwachia. Si gari tu sasa. Nimeshasema mbele ya watu.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimempata mwalimu. Ni Madalena, mteja wetu, mfanyabiashara wa ufuta na samaki wakavu. Kwao ni Kilambo, kule kando ya mto Ruvuma. Babu yake alivuka kutoka Msumbiji na mtumbwi na mbuzi mmoja. Ana pikapu kuukuu ya klachi na leo alikuwa anakwenda Msimbati kuchukua pweza. Nimeaga ofisini kwamba nakwenda kung'oa jino. Nimemwapisha Madalena asimwambie mtu. Akasema yeye ni kaburi. Akasema pia kwamba mwanafunzi hubeba magunia.

Alinikabidhi usukani baada ya Naliendele. Pikapu iliruka kama chura, ikazima. Ikaruka, ikazima. Mbele ya geti la mtambo wa gesi pale Madimba ilizima mara tatu mfululizo, na mlinzi akatoka na daftari. Akauliza kwa nini tunasimamasimama pale. Madalena akafungua mdomo aseme ukweli. Nikamuwahi. Nikasema ninakagua barabara. Mlinzi akauliza ninakagua kwa niaba ya nani. Nikasema kwa niaba ya barabara. Ameandika hivyohivyo.

Msimbati maji yalikuwa yamekupwa, mchanga mgumu kama sakafu. Madalena anafundisha kwa maneno machache. "Baba, achia polepole," alikuwa ananiambia. "Polepole! Unaachia klachi, huachii kuku." Nimejua kusimama vizuri sana. Kuondoka bado. Nimefaulu mara mbili kati ya thelathini hivi, na mara ya pili gunia la pweza lililokuwa nyuma ya kiti lilinidondokea kisogoni.

Nimerudi nanuka.  Rozalia alinifungulia maji bafuni.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimeshinda nimeshika shavu. Mama Beatrice, bosi wetu, ni mtu wa huruma. Amenikataza kula kitu kigumu, akanitumia uji. Kila mtu alikuwa anakula chapati na maharage, mimi nakunywa uji. Halafu akataka kuona pengo. Nikasema daktari amekataza upepo usiingie.

Arsenio hakuwepo. Kaaga amefiwa na shangazi, anazikwa Kitaya. Nimetoa pole kwa moyo mmoja. Moyo wa pili ulifurahi: hana muda wa kujiandaa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Arsenio karudi kutoka msibani. Viatu vimejaa mchanga mweupe na ananuka pweza. Msiba gani wa namna hii? Kitaya hakuna bahari. Nimemwambia Mama Beatrice kwamba watu wengine hawana adabu hata kwa marehemu. Arsenio akajibu kwamba watu wengine wana meno thelathini na mawili na wanakunywa uji wa bure. Tumenuniana hadi saa ya kutoka.

Jioni nimefanya mazoezi jikoni. Nimepanga kandambili tatu sakafuni: klachi, breki, mafuta. Mwiko mkononi, ndiyo gia. Nilikuwa nimefika gia ya nne, natoa na mlio kwa mdomo, Rozalia akaingia kuchukua chumvi. Nikasema ni mazoezi ya goti. Akaniuliza kama kuna kitu nataka kumwambia. Nilitaka. Kweli nilitaka, neno lilikuwa kwenye ulimi. Kisha akarudi sebuleni, nikamwona analipiga pasi lile gauni lake la zambarau, la Jumapili.

Nikasema goti linaendelea vizuri.

Jumamosi, 12 Oktoba

Niandike haraka kabla sijaanza kuyapamba mambo.

Tulifika saa nne kasoro. Rozalia alisisitiza kuja. Somoe alikuwa pale na gari, limeoshwa, linameta, na simu mkononi ikiwa imewekwa sauti kubwa. Arsenio alikuwa pale, amevaa miwani ya jua na glavu. Glavu! Na pembeni, kwenye pikapu yake, alikuwa amekaa Madalena. Nilimwomba aje kwa siri asimame mahali ninapoweza kumwona, anipe moyo. Nikampungia mkono kidogo. Arsenio naye akampungia mkono kidogo.

Tukatazamana.

"Wanafunzi wangu wote wawili!" Madalena akasema kwa furaha. "Wa Jumatano na wa Alhamisi. Kila mmoja kaniapisha, basi sikusema."

Shangazi wa Kitaya hakufa. Nasikia hata hajawahi kuugua.

Nilianza mimi. Kiti kilinikumbatia. Nikawasha, na ule mlio ukanipanda mgongoni, nikajiona niko milimani Makete, barabara yote yangu. Nikaachia klachi. Gari likaruka, likazima. Nikawasha. Likaruka, likazima. Mara ya tano sauti ikatoka kwenye simu, kutoka Dodoma.

"Dada Somoe, huyo anaendesha au anatwanga mahindi?"

Nikashuka. Nikasema barabara hii ina mwinuko usioonekana kwa macho.  Rozalia alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika.

Akaingia Arsenio. Lazima niseme ukweli: aliondoka. Aliondoka safi kabisa, moyo ukaniuma. Lakini gia ikawa ileile ya kwanza, na gari likawa linalia kama mashine ya kusaga. Alipofika kwenye kipilefti akazunguka. Akazunguka tena. Kila akipita upande wetu anatupungia mkono kwa tabasamu, kama kiongozi kwenye maandamano. Mzunguko wa nne tabasamu likaisha. Ndipo nikaelewa. Hajui kusimama!

"Madalena!" alipiga kelele akipita. "Naachia ipi?"

"Kanyaga zote mbili, baba! Zote!"

Akakanyaga. Gari likasimama katikati ya njia, akaachia zote, likazima, na Arsenio akabaki ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Nilikimbia kumsaidia kushuka. Sijui kwa nini mimi.  Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba watoto wake wameshawaambia shule nzima kuhusu gari la bluu. Nikamwambia habari ya gauni la zambarau. Tukasimama pale kando ya majani, wajinga wawili. Nikampa leso yangu.

Madalena akavua kandambili, akaingia.  Gari likaondoka kama maji yanavyomwagika. Gia ya pili, ya tatu, ya nne, unasikia tu mlio ukipanda na kushuka, hakuna mruko, hakuna kelele. Akaenda hadi mbali, akageuza, akarudi, akasimama sentimita chache kutoka vidole vya Somoe.  

Halafu Amani akasema taratibu kwenye simu, "Huyo ni nani? Muuzie huyo."

Madalena akasema hakuja kununua gari. Akashuka, akalizunguka mara moja. Akafungua buti, akatazama ndani muda mrefu. Akauliza kama magunia manne ya ufuta yataingia. Yalikuwa kwenye pikapu yake, akatuita mimi na Arsenio tuyapakie. Mawili yameingia kwenye buti, mawili kiti cha nyuma.

Amelinunua. Ufuta ulimtendea vizuri mwaka huu.

Njiani kurudi nilimwambia Rozalia kila kitu, pamoja na jino. Alicheka mpaka bajaji ikasimama, dereva akidhani mama anaumwa.

Jumapili, 13 Oktoba

Tulikuwa tunasubiri bajaji barabarani, Rozalia na gauni la zambarau, mimi na aibu. Ukasikika ule mlio. Madalena! Alikuwa anakwenda misa yake ya Kikatoliki, sisi ni Walutheri, lakini akasema njia ni moja. Rozalia akakaa mbele. Mimi nyuma, nimebanana na gunia.

Kwaya nzima ilikuwa nje. Nikashuka, nikazunguka, nikamfungulia mlango. Akashuka kama mtu. Kuna mama wa sauti ya pili aliyesema "Jamani!" kwa nguvu. Rozalia aliniminya mkono mpaka ndani ya kanisa, sikumbuki mahubiri yalihusu nini.

Baada ya ibada ameniambia ameshakubaliana na Madalena amfundishe, kuanzia wiki hii. Akiba itulie kwanza. Nikasema nitakuja kukaa nyuma na kutoa maelekezo. Akasema nitakuja kubeba magunia.

Nimekaa nikatafakari. Mtu akisema ukweli mapema hateseki na uji. Nimeamua kubadilika.

Jumanne, 15 Oktoba

Ofisini wameuliza habari ya gari. Nikafungua mdomo niseme ukweli, nikaona nyuso zote zimenigeukia. Nikasema nililikagua, nikaona ni dogo kwa dereva wa kiwango changu, nikamshauri Madalena alichukue yeye. Nilimtazama Arsenio, nikisubiri anichome. Arsenio akaitikia kwa kichwa! Akasema alikuwepo, na ndivyo ilivyokuwa, tena yeye ndiye aliyelizungusha ili kuyapima matairi. Nikathibitisha kwamba aliyapima mara nne. Muungwana sana huyu Arsenio. Sijui kwa nini tulikuwa hatuelewani.

Mama Beatrice alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Akasema Mungu ni mwema. Ofisi imenunua pikapu ya klachi kule Newala, na dereva wetu yuko likizo. Anatafuta mtu anayeiweza milima ile, na zile kona, aiteremshe hadi bandarini Ijumaa.

Nimekubali kabla hajamaliza sentensi.

Arsenio naye alikuwa ameshanyoosha mkono. Kwa hiyo tunakwenda wote wawili. Tumekaa pembeni wakati wa chai tukaipanga safari vizuri, kwa karatasi na kalamu. Yeye anajua kuondoka. Mimi najua kusimama. Ukitujumlisha ni dereva mmoja kamili, na Newala kwenyewe ni mteremko mtupu.