Fundo la Anjelina

Jumatatu, 8 Oktoba 1956. Lulindi.
Shule sijaingia. Herufi alinifundisha marehemu mume wangu, kwa mkaa, ukutani jikoni. Zinatosha kumwandika Bimdogo.
Binti yangu wa pekee, Anjelina, tumbo limeshuka. Wavulana anao wanne. Na sisi ukoo hufuata mama! Asipozaa binti, ukoo wetu umekwisha hapo hapo.
Leo Bimdogo, mama wa mkwe wangu Edmund, kasema mbele ya watu kwamba kosa ni langu. Eti nilimwacha Anjelina ashone nguo misheni mpaka wenzake wa unyago wana watoto watatu watatu. Mwanamke akichelewa kuanza, kasema, huzaa aina moja tu. Wa tano dume! Kasema hivyo mdomo umejaa muhogo wangu.
Hasira! Nimemfungia muhogo mwingine aende nao nyumbani. Amekonda.

Jumanne, 9 Oktoba.
Nina mpango. Nitawahesabu wanawake waliochelewa. Kila mmoja fundo lake la kitambaa: mvulana korosho, msichana njugu mawe. Nikipata mafundo mengi yaliyochanganyika, Bimdogo atafunga mdomo.
Umri hakuna anayeujua. Nauliza tu: wenzako wa unyago walikutangulia kuzaa? Nimeanza na jirani yangu Pili. Mabinti watatu, njugu tatu. Kanijia juu: Mama Anjelina, unanihesabia watoto kama mbuzi? Nikamwambia nahesabu njugu, watoto wako siwagusi. Kacheka, kanipa maji.

Alhamisi, 11 Oktoba.
Nimepanda hadi Makote kwa binamu yangu Scholastika. Magoti yananitukana. Scholastika kanipeleka nyumba tano. Nyumba ya mwisho mama mmoja kaniuliza kama nimetumwa na serikali. Nikasema ndiyo. Kanichinjia kuku! Mtamu.

Jumamosi, 13 Oktoba.
Mafundo kumi mkekani: la Pili, matano ya Makote, matatu ya majirani wengine, na la Anjelina, korosho nne. Nimefungua moja moja. Korosho tupu. Njugu tupu. Korosho tupu...
Saba yana aina moja! Bimdogo yuko sahihi. Mungu wangu, basi ni mimi niliyemchelewesha mwanangu? Nilipenda tu kumwona akishona, akiimba, mikono yake safi.
Nimelia kidogo. Halafu nimetoa njugu moja kwenye fundo la Pili, nikaitia kwenye fundo la Anjelina. Sasa sita.

Jumapili, 14 Oktoba.
Baada ya kanisa nimemtandazia Bimdogo mafundo yangu. Macho yake makali kama ya kunguru! Kafungua la Anjelina: korosho nne, njugu moja. Kauliza, huyu binti yuko wapi?
Nikasema, yuko njiani.
Kacheka mpaka kashika mbavu. Anjelina naye kacheka, na tumbo lile! Sikuwapikia chai. Baadaye nikawapikia.

Jumatatu, 15 Oktoba.
Uchungu umeanza alfajiri. Nimekaa ndani, namshika mwanangu mgongo. Bimdogo kasema atapika. Adhuhuri nasikia harufu. Natoka mbio. Kachoma korosho zote! Njugu ziko chunguni! Hesabu yangu nzima, Lulindi mpaka Makote!
Eti aliona chakula mkekani na watu wana njaa. Nimemtukana kwa Chimakonde, kwa Kiswahili sina maneno ya kutosha. Kisha nimekula. Anapika vizuri, mshenzi yule.

Jumanne, 16 Oktoba.
MSICHANA!
Kalia kama tarumbeta. Ana masikio yangu. Jina tumempa langu, Stamili. Anjelina mzima, kaomba uji mara mbili. Tulipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.
Bimdogo kamshika mtoto, machozi yanamtiririka, na yeye ndiye aliyesema dume! Kanambia, dada, tusiwe na hesabu tena. Wewe hujui, mimi sijui, mtoto huja vile anavyokuja.
Nimekubali. Nimembusu shavu.

Jumatano, 17 Oktoba.
Nimefikiri wakati namwogesha mjukuu wangu. Bimdogo hajui, lakini mimi najua. Ni ile njugu! Niliitia Jumamosi, mtoto kaja Jumanne.
Leo nimemfungia Pili fundo jipya: njugu tatu zake, korosho moja juu. Nimempelekea. Nimemwambia ajiandae, dume linakuja.
Pili kaniambia hana mimba. Husseni wake yuko Mtwara bandarini tangu mwezi wa nne.
Nimemjibu hilo ni la Husseni. Kazi yangu mimi nimekwisha maliza.