Shimo la Sentimita Kumi na Tano

Jumatatu, 4 Agosti

Wamefika! Wapima ardhi wawili, gari moja, vumbi mpaka kwenye vioo. Huku kaskazini mgeni wa mwisho mwenye kofia ngumu alikuja kabla sijazaliwa. Wanachagua mahali pa kujenga sekondari. Viwanja ni viwili: kimoja nyuma ya nyumba ya bibi, upande wetu wa mto, kingine nyuma ya duka, ng'ambo. Kilicho juu zaidi ndicho kitakachojengwa, maana kila masika mto hufurika.

Mama amesema wazi: shule ikiwa ng'ambo, mimi basi. Darasa la saba litatosha. Hawezi kusimama ukingoni kila jioni akihesabu wanawe.

Basi ni lazima iwe upande wetu. Lazima!

Jumanne, 5 Agosti

Mwalimu amechagua wasaidizi wawili. Mimi kwa sababu ya hisabati; binti wa mwenye duka, labda kwa sababu ya mdomo. Tunamwita Kasuku. Amesema sekondari ni yao, na mimi nitamwangalia akipita na sare huku nikifua. Nikampa hongera. Nimelelewa.

Mama Mhandisi, mkubwa wa wapima ardhi, aliniruhusu nichungulie darubini yake. Ni ya zamani mno, inaonyesha dunia miguu juu. Nikamwona bibi! Alitembea chini ya mbingu kama inzi kwenye dari, ndoo kichwani, na hata tone halikumwagika. Mto ulipita juu yake kama utepe. Nikawaza kwamba huko shule iko karibu na kila mtu, unaelea tu mpaka mlangoni. Kasuku akanivuta sketi. Zamu yake.

Tulifundishwa pia kushika fimbo ya vipimo, ndefu kuliko baba, yenye namba kama rula. Unaisimamisha, Mama Mhandisi anachungulia kutoka mbali, anataja namba. Niliipandisha juu ya jiwe: namba ikapungua. Nikaiteremsha kwenye kishimo: ikaongezeka. Ajabu kidogo. Lakini si darubini ile hugeuza kila kitu?

Jumatano, 6 Agosti

Siku yenyewe! Asubuhi, kwao Kasuku: sentimita mia na ishirini. Kasuku akacheza.

Mchana, wote walienda kula. Mimi nikaenda uwanja wetu na jembe. Namba kubwa, kiwanja cha juu, hesabu rahisi. Shimo safi, kina cha sentimita kumi na tano (nilipima kwa rula), majani juu. Alasiri nikaisimamisha fimbo humo, uso mtakatifu. Mia na ishirini na saba! Nilikaa kwenye nyasi muda mrefu nikilitazama wingu moja. Lilikuwa na umbo la dawati.

Alhamisi, 7 Agosti

Msiba. Mama Mhandisi ametangaza kuwa cha dukani kiko juu kwa sentimita saba.

Nikapinga mbele ya watu kwamba namba yetu ndiyo kubwa. Akanijibu kwa upole: mwanangu, mtu aliye kilimani macho yako yanakutana na magoti yake, aliye shimoni, yanakutana na paji la uso. Namba kubwa ni chini.

Shimoni! Alilitaja kabisa.

Nimepiga hesabu mara nne. Bila shimo tungekuwa juu kwa sentimita nane. Sekondari yangu nimeizika mwenyewe, tena kwa rula.

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango mpya. Nilimweleza Mama Mhandisi kwamba nina wasiwasi, uwanja wetu una fuko anayechimba mashimo. Akaja kuliona shimo. Pembe nne, kingo zimenyooka. Akalizunguka. Akauliza fuko huyu amesoma mpaka darasa la ngapi.

Nikasema la saba. Limenitoka tu!

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha akaacha kucheka. Akanifanya nilifukie, nilishindilie, nieleze kila kitu mbele ya mwalimu, mama, bibi na mwenye duka. Wakapima upya viwanja vyote viwili. Dukani mia na ishirini. Kwetu mia na kumi na mbili.

Ni kwetu! Mama alinifinya sikio kwa mkono mmoja, kwa mwingine akanikumbatia. Kasuku sasa ananiita Fuko. Darasa zima linaniita Fuko. Bibi naye.

Nimeapa kwa Mama Mhandisi kwamba sitagusa vipimo tena maishani.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi wamepiga vigingi vinne, pembe za darasa la kidato cha kwanza, wakaondoka. Nimeachiwa nivilinde. Heshima kubwa!

Nilikaa katikati, pale dawati langu litakapokuwa. Upepo ulikuwa mtamu. Kasoro ni moja. Dirisha litatazama ukuta wa choo cha bibi. Hatua mbili tu kushoto, lingetazama mto wote na mawingu yake.

Niliapa kuhusu vipimo. Vigingi si vipimo.

Nimesogeza viwili tu. Wala havikuwa vizito.