Seva Ina Nakala Bunda, Mimi Je?

Kwa Meneja,
Ushirika wa Maziwa Mwambao,
Musoma.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUNAKILIWA KAMA SEVA

Shikamoo, na pole na majukumu. Mimi ni Magige, karani wako wa dirisha la mapokezi, yule anayeingiza maziwa ya kila mfugaji kwenye kompyuta kabla hayajamiminwa kwenye tangi. Naandika kwa heshima zote, ila nimeumia.

Alhamisi fundi wetu Felisiani aliizima seva asubuhi, foleni imejaa, ili aifanyie matengenezo. Zamani seva ile ya awali ikizimwa tulikuwaga tunakaa tu, maziwa yanachacha kwenye madumu na wafugaji wananitukana mimi. Safari hii hakuna aliyejua. Felisiani alinieleza kwamba kila ninachoandika hapa kinanakiliwa papo hapo kwenye mashine nyingine iliyoko tawi la Bunda, kwa hiyo hii ikipumzika, ile inashika kazi. Nikapiga makofi. Halafu nikafikiri, nikaacha kupiga makofi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Seva hii mpya imekuja juzi tu na tayari imepumzishwa. Mimi likizo yangu inakataliwa kila nikiomba, na sababu ni ile ile, kwamba nikiondoka dirisha litasimama.

2. Kwa ajili hiyo ndoa yangu na Nyamburi imeahirishwa mara tatu. Tunaishi Makoko, watoto tunao, kilichobaki ni kufunga kanisani kwao Butiama. Paroko amechoka kututangaza. Mara ya mwisho ng'ombe alikuwa ameshachinjwa. Jamani, ng'ombe aliyechinjwa anaahirishwaje? Nyama ililiwa, watu wakacheza, bwana harusi nipo dirishani naandika lita.

3. Seva ina kiyoyozi. Mimi nina feni isiyozunguka. Hili si kubwa, nimelitaja kwa sababu nina hasira.

4. Kwa hiyo naomba ninakiliwe kabla ya harusi, ambayo ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Nakala yangu ijue yote niyajuayo: nani huongeza maji kwenye maziwa, nani hataki kuharakishwa, nani asiulizwe kabisa habari za mumewe. Ikionekana inafaa, iende pia kwenye vikao vyako na misiba ya ukweni. Nilimwambia Nyamburi kwamba tukibanwa sana, hata kanisani tunaweza kuipeleka nakala, mimi nikabaki kazini. Aliinuka akaenda kuchochea moto.

5. Wala usiogope hasara. Felisiani anasema nakala ikishajaribiwa na kufanya kazi vizuri, ile ya mwanzo unaweza kuichomoa kabisa kwenye umeme na mteja asigundue kitu. Hapo ndipo nilipopapenda zaidi.

Nisalimie shemeji nyumbani, mlinzi wa getini, mama anayetuletea chai na Felisiani mwenyewe. Nakutakia kazi isiyokatika.

Wako mtiifu, na hadi sasa wa pekee,

Magige Abraham
Karani wa Dirisha

N.B. Barua hii imekaa mfukoni wiki nzima kwa sababu sikupata nafasi ya kutoka dirishani kuileta. Kumbe na wewe ulishaliwaza. Umeniletea Yusto kutoka tawi la Bunda, akae nami ajifunze, na kweli ameshika kila kitu. Leo nilitoka kidogo kunywa chai. Narudi, foleni imeisha, na Mama Boke wa Bweri, ambaye miaka yote hunigombeza, anacheka naye mpaka anafuta machozi. Hakuna aliyeuliza nilikuwa wapi. Ndugu Meneja, nafuta yote niliyoandika hapo juu, hasa namba tano. Likizo siitaki tena, nakuomba sana Yusto arudi Bunda leo hii. Nyamburi nimemwambia harusi tuisogeze mbele kidogo. Safari hii hata hakugomba. Ameniuliza tu kama Yusto ni Mkatoliki, na kama ana mke.